Kamba ya Klarineti

Kambi ya Bendi,
Nairobi.
3 Agosti 1966

Abaayo Hawo,

Assalaam aleykum. Mimi, dada yangu, ni mzima, sina la kulalamika isipokuwa baridi ya mwezi huu ambayo mtu wa Garissa hakuumbiwa. Hooyo, mama yetu, hajambo? Shemeji Mahat hajambo? Ngamia wamesharudi kutoka upande wa Balambala?

Usiucheke mwandiko wangu. Kalamu hii ni mbovu, inatema wino inapotaka na kukauka inapotaka.

Tuko kwenye mazoezi ya sherehe za Oktoba. Asubuhi tunapiga huku tukitembea, kuanzia saa mbili mpaka saa sita, na alasiri tunakaa kwenye viti tunapiga tena. Nimepewa klarineti ya kwanza, yaani mimi ndiye ninayeuongoza wimbo na wenzangu wananifuata. Mwambie Hooyo, ingawa najua atauliza kama ni kazi ya mtu mzima kupuliza filimbi.

Nina swali dogo. Kuna mwenzangu hapa mkono wa kulia unamsumbua. Klarineti, kama sijakueleza, ina chuma cha nyuma kinachokaa na uzito wake wote juu ya dole gumba la kulia, na hapo vidole vingine vinacheza kama vya mtu anayechambua mchele. Maumivu yake yanaanza chini ya dole gumba, yanapita kwenye kifundo cha mkono, yanapanda mpaka kiwiko. Asubuhi vidole havifungi mpaka avisugue. Halafu kuna siafu, anasema, siafu wanaotembea ndani ya kiganja, na juzi alidondosha kikombe cha chai ambacho hata hakikuwa kimejaa. Hooyo hana dawa ya kitu kama hicho? Nauliza tu kwa niaba yake.

Ndugu yako,
Ahmednoor Korane

*

Garissa
17 Agosti 1966

Walaal Ahmednoor,

Wa aleykum salaam. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi. Huyo aliyeisoma kabla yangu naye nampa salamu.

Huyo mwenzako hana jina? Hana dada wa kumwandikia? Mimi mwaka jana niliumwa na jino mpaka uso ukavimba, ukaniandikia mstari mmoja, "pole". Leo umejaza nusu ukurasa kwa dole gumba la mtu baki. Wewe ndiye uliyenifundisha a, e, i, o, u kwa kijiti mchangani, mwandiko wako naujua. Kalamu haina kosa.

Nilimsomea Hooyo, akasema hata bila kuinua kichwa kwamba huo ni ugonjwa wa watu wa visima. Mahat aliupata miaka mitatu iliyopita. Unamjua mume wangu, mchana anavuta maji kwa kamba, jioni anakaa kusuka kamba nyingine. Mkono ukamfia ganzi hata kujifunga shuka hawezi. Hooyo akamchoma kwa kijiti cha moto, alama tatu kwa mstari ndani ya kifundo, akamkataza kugusa kamba siku arobaini. Sasa anasuka kuliko zamani.

Mwambie mwenzako aje achomwe. Akiwa mwoga, nitamshika mimi mwenyewe kama nilivyokuwa nikimshika akinyolewa.

Sisi wazima. Tumehamia karibu na mji, serikali imetupa mahali, pana ua. Ngamia wako kwa watu.

Dada yako,
Hawo

*

Nairobi
29 Agosti 1966

Abaayo Hawo,

Barua hii haipiti posta. Nampa Nunow, yule dereva wa lori, na wewe ukijibu mpe yeye.

Mkono ni wangu. Ulijua, na nilijua kwamba utajua. Niliona haya tu kuiandika.

Una miezi saba sasa. Nimeufunga kitambaa, nimeukanda kwa maji moto na mafuta ya mikaratusi, nimebadilisha kile kijiti cha tete kinachokaa mdomoni nikatia chembamba ili nisilazimike kubana sana. Unatulia siku mbili, kisha unarudi na hasira zaidi. Sasa kuna sehemu ya wimbo wa sherehe ambapo kidole cha mwisho kinatakiwa kuruka mara kumi na sita mfululizo, na mimi nikifika hapo napuliza bila kubonyeza, namwachia jirani yangu sauti. Bwana mkubwa wa bendi bado hajagundua.

Utauliza kwa nini sisemi. Mtu mwingine hapa akisema mkono unauma, basi unauma. Mimi nikisema, Msomali, mwaka huu wa vita na mashifta, wataniuliza kama sitaki kuipigia bendera. Na hilo si baya zaidi. Aliye kwenye bendi hashiki bunduki, Hawo. Asiyeweza kupiga anahamishwa kikosi cha kawaida. Mimi wakinihamisha watanipeleka wapi? Wanatafuta kwa udi na uvumba watu wanaojua visima na njia za huko. Nitarudi nyumbani nikiwa mbele ya doria, nikionyesha kwa kidole mahali shemeji yangu anaponyweshea. Afadhali nife na mkono huu.

Nimepata likizo ya siku kumi. Nakuja na msafara wa malori wa tarehe tano. Mwambie Hooyo achague kijiti.

Ahmednoor

*

Garissa
24 Septemba 1966

Walaal,

Sasa umeuona ua wetu. Umeona una miiba, umeona lango na askari, umeona tunavyohesabiwa asubuhi na jioni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kukueleza taratibu, lakini wewe ulishuka kwenye lori ukasimama pale langoni na kuangalia tu, na mimi nikaanza kuzungumzia chai. Nisamehe kwa hilo. Ngamia pia hawako kwa watu. Walichukuliwa kisimani mwezi wa tano, wote. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa mbali na ungefanya nini?

Hooyo anaulizia vidonda. Usivitie maji. Paka samli asubuhi na jioni, na usiruhusu mtu wa hospitali avitumbue. Anajisifu kwa majirani kwamba hukulia. Mimi niliyekushika mabega ndiye ninayejua.

Na siku arobaini, Ahmednoor. Si ishirini. Mahat amenivuta kando akaniambia nikuandikie kwamba moto peke yake haukumponya, kilichomponya ni kuiacha kamba. Akasema pia usimwambie Hooyo.

Hawo

*

Nairobi
8 Oktoba 1966

Abaayo,

Siku kumi na moja sikupiga. Waliponiuliza juu ya kitambaa mkononi, nilisema nimeungua kwa jiko la mafuta ya taa. Ni uongo mdogo. Ningeanzaje kumweleza sajini wa Nairobi kwamba mama yangu amenichoma kwa hiari yangu, na mimi nikashukuru?

Siku hizo kumi na moja siafu waliondoka kabisa. Niliamka asubuhi moja nikafunga vifungo vya shati bila kufikiri, nikakaa kitandani nikacheka peke yangu. Siku ya kumi na mbili wakanipa klarineti. Sherehe ziko karibu, arobaini zako ningezitoa wapi?

Wamerudi.

Kuna mtu mmoja hapa ananifaa, Bonaya, Mborana wa upande wa Wajir, mtu mzima, anapiga saksafoni. Yeye ndiye wa kwanza hapa kambini niliyemwambia ukweli. Aliwahi kupata shida ya kiwiko, akafundishwa namna ya kuunyoosha mkono, na sasa ananifundisha kila baada ya adhuhuri nyuma ya stoo. Jambo alilosema jana limenikaa kichwani. Aliniuliza: "Saksafoni yangu mzito kuliko yako, kwa nini mimi siumwi gumba? Kwa sababu yangu iko na mkanda shingoni. Yako nani alisema ikae kwa kidole?" Nilimjibu ndivyo klarineti zinavyoshikwa. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekwama kwenye ua.

Tumebakiza siku kumi na mbili. Niombee.

Ahmednoor

*

Nairobi
28 Oktoba 1966

Abaayo Hawo, dada yangu,

Alhamdulillahi, nimeokoka! Nunow anakuletea hii, msomee Hooyo yote.

Siku ya sherehe nilifika salama hadi wimbo wa nne. Tulikuwa tunatembea kuelekea jukwaa la wageni. Vidole vikazima. Sikusikia maumivu, Hawo, sikusikia kitu chochote, na klarineti ikaponyoka ikaanguka kwenye nyasi mbele ya watu wote. Niliiokota nikaendelea kutembea bila kuipuliza. Lakini wapo walioona nimeitupa. Msomali ametupa chombo mbele ya bendera, hiyo ndiyo habari iliyofika kambini kabla yangu.

Wakanipeleka kwa daktari. Akafungua kitambaa, akaona alama tatu zimepangwa vizuri kwa mstari. Jiko gani hilo linalochoma kwa kupanga? Akamwita inspekta. Inspekta ni mtu aliyewahi kushughulika na mambo ya viapo vya msituni miaka ile ya shida ya kwao, enzi za mkoloni, na akiona alama kwenye mwili wa mtu tayari anajua inaitwaje. Akasema nimekwenda likizo Garissa nikala kiapo cha mashifta. Nikawekwa ndani.

Siku ya tatu nikapata akili. Nikamwambia: afande, hii ni dawa tu, nyumbani kila mtu anayo. Mtu wa mgongo ana za mgongoni, mtu wa ini ana za tumboni. Ya mkono ni ya watu wa visima. Ukidhani nakudanganya, mwulize shemeji yangu, Mahat Dekow, msuka kamba, yuko kwenye kijiji cha ua hapo Garissa, ana alama tatu hizi hizi, mahali hapa hapa, na aliyemchoma ni mama yule yule. Niliona anaandika. Akapiga simu ya upepo. Kesho yake wakanifungulia, na daktari akanipa wiki mbili za kutopiga!

Mpe shemeji salamu zangu nyingi. Mkono wake umeniokoa.

Ndugu yako,
Ahmednoor

*

Garissa
29 Oktoba 1966

Kwa Ahmednoor Korane,

Naitia posta kwa sababu Nunow yuko Nairobi, kwa hiyo nitaandika yaliyotokea tu.

Mahat amechukuliwa tarehe 25, wakati wa kuhesabiwa asubuhi. Walikuja wanne. Wanaume walikuwa wamepangwa mstari, na askari hawakumwangalia mtu usoni. Walimwita Mahat Dekow, msuka kamba, wakamkunja mkono wa shati, wakaona alama, wakaambiana, "Ndiye." Hooyo aliwaambia ni yeye aliyezichoma. Wakamuuliza amewachoma wengine wangapi. Alinyamaza, na hilo pia likaandikwa.

Sijui yuko wapi. Wengine wanasema kambi iliyo njia ya Balambala. Wewe una nguo za serikali, labda watakusikiliza. Uliza ni nani aliyewapa jina lake na habari za mkono wake. Hapa ndani hakuna mtu aliyejua isipokuwa sisi.

Hawo

*

Garissa
6 Novemba 1966

Ahmednoor,

Barua yako ya tarehe 28 imefika. Nimeisoma mara nne. Hooyo ameniuliza inasema nini, nimemwambia unasalimia.

Jina la mume wangu usiliandike tena kwenye karatasi yoyote, wala usilitamke mbele ya mtu yeyote mwenye kofia. Na mimi usiniandikie.

Hawo

*

Nairobi
17 Novemba 1966

Abaayo,

Umenikataza, naandika.

Barua yako ya posta ilinifikia nikiwa nimekaa juani na Bonaya, namsimulia kwa mara ya tatu jinsi nilivyomshinda inspekta kwa maneno. Niliisoma mpaka pale pa kukunja mkono wa shati. Bonaya alidhani nimeanguka kwa homa.

Mimi ndiye. Hakuna mwingine wa kutafuta. Nilitaka kuonyesha kwamba alama haimaanishi kitu kwa sababu kila mtu anayo, na wao wakasikia kwamba kila mtu mwenye alama ni wa kukamatwa. Nilikulia kule, nimevaa nguo zao miaka sita, na bado sikuliona hilo.

Nilikwenda kwa inspekta. Nikamwambia naomba kupelekwa Garissa nikatoe ushahidi mbele ya wakubwa wa kambi, nilipe hata kwa cheo. Akasema, "Ushahidi ulishatoa, Koplo, na ni mzuri." Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mara ya nne akaniambia nikija tena nitafuatana na shemeji yangu. Nikaogopa. Nakuandikia na hilo, kwamba niliogopa nikageuka.

Ahmednoor

*

Nairobi
13 Desemba 1966

Abaayo Hawo,

Jana ilikuwa Jamhuri. Sikupiga. Nimeondolewa kwenye mstari, nimewekwa stoo, nasugua shaba za watu kwa mkono wa kushoto. Bwana mkubwa amenipa mpaka tarehe 10 Machi. Siku hiyo nitapiga mbele yake dakika kumi nikiwa nimesimama. Nikiweza nabaki. Nikishindwa, karatasi ya kwenda Garissa na doria imekwishaandikwa, ameniruhusu kuiona.

Kila baada ya adhuhuri nafanya yale ya Bonaya. Mwanzoni nilikuwa nafanya kwa ajili ya klarineti. Sasa sijui, nafanya kwa sababu mkono huu ndio uliosema, na nikiukanda naona kama namkanda mtu.

Kesho huenda ikawa Ramadhani. Nakuombeni dua na sistahili. Nipe hata neno moja, yuko hai?

Ahmednoor

*

Garissa
20 Januari 1967

Ahmednoor,

Yuko hai. Aliachiwa siku tatu kabla ya Idi.

Aliyemtoa ni Hooyo. Tulipojua kambi ni ipi, alikwenda langoni na kijiti chake mkononi, Ramadhani hiyo, na saumu, siku saba mfululizo. Walimfukuza, akarudi. Siku ya nane mkubwa wa pale akatoka na hasira, akasema kama kweli ni dawa basi amtibu mtu wake, na akamwonyesha sajini mmoja wa bara aliyekuwa anatembea amejipinda kama ndoano. Nadhani alitaka kumtisha tu. Hooyo hakutishika. Unajua Kiswahili chake. "Wewe, mgongo nauma? Kuja. Lala chini. Bole bole." Akawasha moto pale pale langoni. Sajini akaangalia wenzake, akaona wanacheka, akalala. Hooyo akamtia nne za kiuno, naye akapiga kelele ambayo mbuzi wote walisikia. Kisha Hooyo akawaambia, "Sasa na huyu shifta, mmoja yetu? Hii dawa. Hakuna kiabo."

Sajini akapewa siku kumi za kutotoka doria, na siku ya sita akawa anatembea wima. Wewe na mimi tunajua kilichomponya, lakini huko sasa Hooyo ni daktari. Mkubwa wa kambi alikuwa na shifta mmoja kwa ushahidi wa alama, na sajini wake mwenyewe ana alama. Akamwachia. Pole hakumpa.

Sasa sikiliza. Siku tisa za mwanzo walimfunga mikono kwa nyuma, viwiko vikigusana. Mkono wa kushoto umerudi. Wa kulia vidole havifungi. Kamba hawezi kusuka, na kamba ndiyo kitu pekee tulichobaki nacho baada ya ngamia. Jana alidondosha kikombe, akakitazama chini, akasema, "Siafu. Ahmednoor alisema siafu." Nikatoka nje.

Wiki nzima nilikuwa natafuta namna ya kumwambia ni nani aliyelitoa jina lake. Nilipomwambia, akasema anajua tangu siku ya kwanza, walimsomea: shemeji yako wa bendi amesema hivi na hivi. Alikuwa ananificha ili nisikuchukie. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja tunafichana kitu kimoja.

Mimi sijakusamehe. Nakwambia wazi usije ukajidanganya. Lakini katika watu wote ninaowajua, wewe peke yako mkono wako ulikufa ukarudi kidogo. Nilikuwa nazichoma barua zako, ile ya Desemba na ile ya saksafoni sikuzichoma kwa sababu ya huyo Bonaya. Msamaha usiombe. Andika mkono unafanywaje.

Hawo

*

Nairobi
29 Januari 1967

Abaayo,

Mwanzo asisuke kitu chochote, hata uzi, wiki mbili kamili. Kila siku baada ya adhuhuri aulaze mkono juu ya mapaja, kiganja juu, uukande wewe kwa samli iliyopashwa moto kidogo, kuanzia kiwiko kushuka chini, kamwe usianzie vidoleni. Usibonyeze mahali penye alama. Akiwa ametulia afungue vidole vyote kama anamwonyesha mtu kwamba hana kitu, ahesabu hadi tano, avikunje polepole, visipofika visifike. Mara kumi. Akisikia maumivu makali aache hapo hapo. Mimi kosa langu lilikuwa kuyapita maumivu, nilidhani ndiyo uanaume.

Halafu ainue mkono mbele, kiganja kikitazama ukuta, na kwa mkono wa kushoto avute vidole kuja kwake kidogo tu. Halafu kiganja chini. Bonaya anasema bega lisipande, watu wengi wanainua bega bila kujua, na wewe ukae nyuma yake umguse bega likipanda.

Vidole vikianza kufunga, mpe kitu laini akiminye, kitambaa kilicholowa. Baadaye ndipo kamba, na iwe nyembamba, ya kuchezea, dakika chache kisha aweke chini hata kama anaona utamu. Hapo ndipo pagumu zaidi, kuweka chini wakati mkono unataka. Mimi huwa namwomba Bonaya aninyang'anye klarineti.

Siku za baridi siafu watarudi. Asiogope, wanapita.

Nafanya na mimi saa hiyo hiyo, mara tu baada ya sala.

Ahmednoor

*

Garissa
26 Februari 1967

Ahmednoor,

Nunow anakuletea kifurushi. Kifungue ukiwa peke yako.

Vidole viwili vinafunga, cha tatu kinajaribu. Bega lilikuwa linapanda kweli, nikawa nalipiga kofi mpaka akasema bora kule kambini.

Ulipofika wakati wa kamba nyembamba, alikaa nayo hajui asuke nini, kwa sababu kamba ya kisima haianzi hivyo. Nikamsomea barua zako, zile nilizobakiza, ile ya Desemba na ile ya zamani yenye saksafoni. Akanisimamisha. Akataka nimsomee tena pale Bonaya alipouliza nani alisema ikae kwa kidole. Akauliza klarineti yako ina uzito gani, nikamwambia siijui, akasema haizidi kibuyu cha maziwa. Akaanza siku hiyo.

Imemchukua wiki nzima. Zamani angeimaliza kati ya alasiri na magharibi. Pana mahali imepinda, utapaona, kama shibiri moja kutoka kwenye kitanzi. Ni siku ambayo vidole vilikataa naye akaendelea. Nilitaka kupafumua nisuke mimi vizuri, akanikataza.

Kitanzi kinapita kwenye kile chuma cha nyuma ulichosema kinakaa juu ya dole gumba. Upande mwingine shingoni. Nimepashonea kitambaa cha shela yangu pasikuchune.

Amesema nikuandikie: avae. Hakusema lingine, na mimi sikuongeza.

Hawo

*

Nairobi
11 Machi 1967

Abaayo Hawo,

Niliivaa.

Mwanzoni sajini alikataa, akasema si sehemu ya sare. Bwana mkubwa akasema mwache, leo ni masikio tu. Nikasimama katikati ya chumba, nikaiachia klarineti ining'inie, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii dole gumba halikubeba kitu. Nilipiga dakika kumi, kisha akaniashiria niendelee, nikapiga mbili zaidi. Pale pa kidole cha mwisho nilibonyeza mara zote kumi na sita. Ya kumi na nne haikutoka safi. Baada ya kumaliza siafu walikuwepo, lakini wachache.

Nimebaki kwenye bendi. Ile karatasi ameichana mbele yangu.

Kisha akaja karibu, akaishika kamba, akaivutavuta. Ni mtu wa haki kwa namna yake, na alikuwa anatabasamu. Akasema hajaona kusuka kwa namna hiyo, na wapo wengine wawili wanaoumwa dole gumba ambao hawakuwa wamemwambia mtu. Akatoa daftari na kalamu. Akaniuliza: aliyesuka hii ni nani, na yuko wapi, nimwagizie nyingine?

Mkono wangu ulikuwa kwenye kamba, hapo palipopinda. Najua angelipwa vizuri. Najua lingekuwa jina la heshima safari hii, kwenye daftari la muziki. Nilimwangalia mkubwa wangu machoni, nikamwambia simjui, niliikuta sokoni.

Ahmednoor